Kabla ya Kuuliza Bei, Uliza Nyumba ni ya Nani

Anayetafuta nyumba katika kisiwa cha Mombasa huanza na bei. Kodi ni ngapi, dipoziti ya miezi mingapi, maji yapo, gari litaegeshwa wapi. Ni maswali ya haki, lakini hapa kwetu kuna jingine linalopaswa kuyatangulia yote: ardhi iliyo chini ya nyumba hiyo ni ya ukoo gani, na ukoo huo unakula kwa kukodisha au kwa kuuza? Bila jibu la swali hilo huwezi kujua kama bei uliyotajiwa ni nafuu au ni mtego.

Kisiwa chenyewe ni kidogo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 154,171 katika Mvita, ambayo ndiyo kisiwa, na watu 291,930 Kisauni ng'ambo ya daraja. Hakuna ardhi mpya inayozaliwa kati ya Kizingo na Makupa. Kila kipande kina mwenyewe, na wengi wa wenyewe hao walipata karatasi zao kwa sheria moja, ile ya hati za ardhi ya 1908. Serikali ya kikoloni iliwataka wote wanaodai ardhi katika ukanda wa maili kumi wa Sultani wa Zanzibar wapeleke madai na mashahidi wao mbele ya msajili. Aliyekuwa na hati, mashahidi na muda wa kungoja alitoka na cheti cha umiliki wa milele. Aliyekuwa analima tu, au aliyeamini kwamba kuzikwa kwa babu zake pale kunatosha kuwa ushahidi, alitoka mikono mitupu. Familia za Kiarabu, za Kiswahili na za Kihindi zilizopata vyeti hivyo ndizo zilizoijenga Mombasa ya wakaazi. Serikali ilikuja baadaye sana, tena kwa kusitasita.

Chukua Majengo. Reli ilianza kujengwa 1896, bandari ikahamia Kilindini, wapagazi na makuli wakamiminika, na Mji wa Kale haukuweza kuwameza wote. Magharibi ya mji kulikuwa na mashamba ya minazi na miembe. Wenye mashamba hawakujenga nyumba hata moja. Walipima viwanja, wakaacha vichochoro, wakakodisha ardhi tupu kwa mwezi. Mpangaji ndiye aliyeleta boriti, udongo na makuti, akasimamisha nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, ua nyuma na jiko na choo. Yeye alikaa chumba kimoja na vilivyobaki akapangisha. Ndivyo ilivyopatikana nyumba moja yenye mabwana wawili, mwenye nyumba na mwenye ardhi. Sheria iliyoletwa na Waingereza inasema kilichojengwa juu ya ardhi ni cha mwenye ardhi. Ada ya Pwani inasema sivyo, na mahakama na baraza la mji vikajifunza kuishi na ada hiyo.

Tazama biashara hiyo kwa jicho la hesabu. Ni kampuni ya makaazi isiyonunua mfuko mmoja wa saruji. Ofisi yake ni baraza ya mzee, mtaji wake ni cheti cha 1908 na vingine vilivyofuata, na mfanyakazi wake ni karani mwenye daftari anayepita kila mwezi kukusanya kodi ya kiwanja. Mzee akifa, wanawe wanarithi daftari. Liwali Sir Ali bin Salim Al-Busaidy alikuwa miongoni mwa wamiliki wakubwa wa ardhi wa zama hizo, na zilikuwapo familia za Kihadhrami kama ya Bakhshuwen, ambayo tutairudia kwa sababu kesi yake ina faida kwa mnunuzi wa leo.

Mji ulivyojaa, kodi zilipanda. Wafanyakazi wa bandari walipogoma 1939, tume ya Willan iliyoundwa kuchunguza chanzo ilikuta hali mbaya ya makaazi ni sehemu kubwa ya kilio chao. Ndipo waajiri na serikali walipoanza kufikiria nyumba kwa dhati, na baraza la mji likaja na mitaa yake: Tudor, Buxton, Mzizima na mingineyo. Wakati huo Wahindi walikuwa wameshaleta mtindo wao. Simama Barabara ya Digo, Biashara Street au Ganjoni, uinue macho: juu kabisa ya jengo utaona jina la familia au la binti wa nyumba limechongwa kwenye saruji, na mwaka chini yake. Chini ni duka, juu yake anaishi mwenye duka, na juu zaidi ni wapangaji. Jumuiya nazo zilijisaidia. Waismailia walianzisha Diamond Jubilee Investment Trust miaka ya arobaini, kutokana na sherehe za Aga Khan, na mikopo yake ikawasaidia watu wengi wa Afrika Mashariki kumiliki nyumba zao.

Huo ndio ukoo wa soko unaloliingia leo. Sasa tuzilinganishe bidhaa zenyewe. Bei nitakazotumia ni za kupigia hesabu tu, uziondoe uweke zako. Asilimia za kodi za serikali ndizo za kweli.

Nianze na nyumba bila ardhi, kwa sababu ndiyo ya bei ya chini na ndiyo inayosemwa vibaya kuliko zote. Tuseme mtu anakuuzia nyumba ya vyumba sita Majengo kwa shilingi 900,000. Utakaa chumba kimoja na kupangisha vitano kwa shilingi 4,500 kila kimoja. Hiyo ni 22,500 kwa mwezi, 270,000 kwa mwaka. Toa kodi ya kiwanja, tuseme 12,000 kwa mwaka, na 40,000 za mabati, choo na rangi. Unabaki na 218,000. Kodi ya mapato ya nyumba za kuishi, ambayo tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya kodi yote unayopokea, inaanzia mapato ya 288,000 kwa mwaka, kwa hiyo hapo hujaifikia. Fedha zako zinarudi katika miaka minne na kitu, nawe umekaa bure muda wote huo. Hakuna fleti ya kisiwani itakayokupa hesabu kama hiyo.

Bei hiyo ndogo ina sababu. Benki haitakukopesha hata senti kwa dhamana ya nyumba hiyo, maana huna hati. Na siku mwenye ardhi atakapopata mjenzi wa gorofa, wewe utabaki na mabati na milango. Sera ya Taifa ya Ardhi ya 2009 ililitaja tatizo hili la Pwani waziwazi, lakini aliyetegemea sera peke yake yungali anaitegemea. Rai yangu ni hii: nunua nyumba bila ardhi, lakini usilipe zaidi ya kile itakachokurudishia kwa miaka mitano. Muuzaji akitaka zaidi ya hapo, anakuuzia ardhi asiyokuwa nayo.

Kabla ya kulipa, omba risiti za kodi ya kiwanja za miaka mitatu ya karibuni, uzisome moja moja. Usitazame kiasi kwanza, tazama sahihi. Je, ni ya mtu yule yule, au karani alibadilika katikati? Kubadilika kwa karani mara nyingi ni dalili kwamba mzee amefariki na warithi hawajaelewana. Kisha tazama tarehe. Ikiwa risiti zilikatika ghafla na muuzaji anakuambia mwenye ardhi "hasumbui siku hizi", simamisha mazungumzo. Mwenye ardhi anayekataa kupokea kodi hajawa mkarimu. Huenda ameshaonana na wakili, kwa kuwa hataki kuonekana amekutambua kuwa mpangaji wake. Nenda ukamtafute mwenyewe, ukaandikiwe jina lako kwenye daftari mbele ya mashahidi. Atakutoza ada ya kubadilisha jina. Lipa, na udai risiti ya hiyo pia.

Tuvuke Makadara tuingie Mji wa Kale. Hapa ardhi na nyumba ni vya mtu mmoja, au tuseme vilikuwa. Nyumba ni za mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene, dari za boriti za mikoko kutoka Lamu. Ukiingia chumba cha zamani Ndia Kuu au Kibokoni utaona ni kirefu na chembamba, kwa sababu upana wake ulipangwa na urefu wa boriti, ambao hauzidi sana mita tatu. Tazama mahali boriti inapoingia ukutani. Ikiwa mbao pale ni nyeusi na zinabonyea kwa kidole, maji yanapenya kutoka juu. Kisha utazame ukuta wenyewe: ukikuta sehemu imepigwa lipu ya saruji na chini yake rangi inavimba na kumeguka, mtu alijaribu kuokoa pesa. Saruji inaufungia unyevu ndani ya ukuta wa chokaa, na utailipia mara mbili, mara ya kuibandua na mara ya kupaka upya kwa chokaa, kama utampata fundi anayeijua kazi hiyo. Boriti nazo zimepanda: marufuku ya kukata miti ya 2018 iliwagusa hata wakata mikoko wa Lamu.

Mji wa Kale umelindwa kisheria tangu 1990, na ofisi ya hifadhi iko katika jengo la Mahakama ya Zamani, chini ya Makumbusho ya Taifa. Huwezi kuvunja roshani au kuongeza ghorofa kwa kuamka tu asubuhi. Wengi wanaona huu ni mzigo. Mimi kama mnunuzi ningeuona kuwa bima, maana jirani naye haruhusiwi kukuzibia upepo kwa gorofa tisa, ingawa wapo waliojaribu na wapo waliofaulu.

Lakini kinachoponza watu Mji wa Kale si boriti, ni warithi. Piga hesabu ya mirathi: mzee amefariki, ameacha mke, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Mke ana thumni. Saba juu ya nane iliyobaki inagawanywa mafungu saba, kila mwanamume mafungu mawili, kila binti moja. Kwa hiyo kila binti ana thumni, kila mwana ana robo. Nyumba moja imeshakuwa na wenyewe sita. Mmoja yuko Maskati, wa pili Jeddah, wa tatu alikwenda London na hajibu simu. Akifa mmoja wao, fungu lake linakatwa tena. Baada ya vizazi vitatu ukoo unaweza kuwa na watu arobaini wenye haki katika nyumba ya vyumba saba, na mmoja kati yao, yule anayeishi humo na kulipa umeme, ndiye anayekuuzia. Sahihi yake moja haikupi nyumba. Inakupa fungu lake, na kesi na wengine thelathini na tisa.

Zaidi ya hapo kuna wakf. Wazee wengi walioogopa mgawanyiko huo waliifunga nyumba kuwa wakf ya dhuria: wanangu na vizazi vyao waikae, na wakiisha wote, iende kwa maskini au msikiti. Wakf ya namna hiyo ni kampuni ya ukoo kwa maana kamili. Ina mali, ina msimamizi, ina wanufaika, na haivunjiki. Waingereza hawakuipenda. Kesi ya familia ya Bakhshuwen ilipanda kutoka Kenya hadi mahakama ya Baraza la Faragha (Privy Council) mjini London, na hukumu yake imo katika ripoti za sheria za 1952. Majaji walifuata msimamo waliouweka 1894 katika kesi ya India: ikiwa fungu la maskini ni la mbali mno, la jina tu, wakf hiyo ni batili. Miaka hiyo hiyo, 1951, Kenya ilitungiwa sheria ya wakf iliyokuja kuzitambua wakf za jamaa. Kwa hiyo mnunuzi wa leo asitarajie kwamba hukumu ya London itamwokoa. Wakf haiuzwi, hairithiwi, wala haitolewi hidaya. Nenda ofisi ya Makamishna wa Wakf hapa Mombasa uulize kabla ya kwenda kwa wakili, si baada.

Kwa kupanga, mambo hubadilika kabisa. Nyumba ya wakf inayosimamiwa vizuri ni miongoni mwa mapango bora ya kisiwa. Msimamizi hana tamaa ya kuuza kwa sababu hana ruhusa, kodi haipandi ovyo, na mpangaji aliyekaa miaka kumi hutazamwa kama mtu wa nyumbani. Kasoro yake ni moja: ukarabati. Msimamizi anayekusanya kidogo hutengeneza kidogo. Mwambie unataka kuzibiwa paa, atakuitikia vizuri sana, na mvua ya masika itakukuta naye bado anaitikia. Jadili tangu mwanzo: wewe utatengeneza, na gharama ikatwe kwenye kodi kwa maandishi.

Sasa tufike kwenye fleti, ambako pesa nyingi zinapotea. Kizingo iliyokuwa ya mabangalo na mibuyu imejaa magorofa. Tudor na Ganjoni zinafuata. Wajenzi wengi bado ni kampuni za familia, baba mwenyekiti, mwana mmoja msimamizi wa ujenzi, mwingine wa mauzo. Tuseme fleti ya vyumba viwili vya kulala inauzwa milioni 6, na ya aina hiyo hiyo katika jengo lile lile inapangishwa 30,000 kwa mwezi.

Ukinunua, ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4, yaani 240,000. Wakili akikutoza asilimia 1.5 ni 90,000, na VAT ya asilimia 16 juu yake 14,400. Hujaingia ndani, umeshatoa karibu 345,000. Ukiwa na milioni 2 mkononi na kukopa milioni 4 kwa riba ya asilimia 14 kwa miaka 15, utalipa kama 53,000 kila mwezi, na mwisho wa safari utakuwa umeirudishia benki takriban milioni 9.6. Ongeza ada ya huduma ya jengo, tuseme 6,000. Jirani yako anayepanga analipa 30,000 na kulala usingizi ule ule.

Mbona basi familia za wajenzi hazifilisiki? Kwa sababu wao hawanunui kwa milioni 6. Ardhi walirithi au waliinunua zamani, wanajenga kwa mafungu, na anayekaa na jengo akikodisha anapata faida kwa gharama yake, si kwa bei yako. Wewe uliyenunua ili upangishe unapokea 360,000 kwa mwaka, unatoa 27,000 za kodi ya serikali na 72,000 za huduma, unabaki na 261,000. Ni kama asilimia 4.4 ya pesa zako, kabla ya mwezi hata mmoja wa nyumba kukaa tupu. Februari 2024 serikali yenyewe ilikopa kwa dhamana ya miundombinu kwa riba ya asilimia 18.46 isiyokatwa kodi. Kwa Mwislamu anayejiepusha na riba mfano huo hauna kazi, na mji huu umejaa watu wa aina hiyo. Benki za Kiislamu, ambazo Kenya imekuwa nazo tangu 2008, zitakununulia nyumba na kukuuzia kwa faida iliyotajwa, au zitaimiliki pamoja nawe na kukuuzia fungu lao kidogo kidogo. Ni njia safi kwa dini yako, lakini mfuko haujui tofauti: uliza jumla utakayolipa mpaka mwisho, uiweke kando ya ile ya mkopo wa kawaida.

Kwa bei hizi, mwenye mshahara na asiye na akiba kubwa apange. Nasema hivyo nikijua kwamba wazazi wetu wanaona kupanga ni aibu. Anunue yule mwenye pesa taslimu anayetaka kukaa mwenyewe miaka ishirini, au aliye ughaibuni anayeogopa shilingi kushuka kuliko anavyoogopa kodi ndogo.

Na akinunua, aangalie muuzaji ni familia ya namna gani. Zipo mbili. Moja hujenga ili ikae na jengo. Wakati mwingine mzee mwenyewe anaishi ghorofa ya juu, na pampu ikiharibika saa nne usiku, yeye ndiye wa kwanza kukosa maji ya udhu. Nyingine hujenga, huuza, huhamia kiwanja kingine. Brosha haitakuonyesha tofauti. Jengo lao la miaka kumi iliyopita litakuonyesha. Nenda ukalitazame bila miadi. Chungulia upande wa chini wa roshani zinazoelekea bahari: ukiona ufa mwembamba wenye mstari wa hudhurungi, chumvi imefika kwenye nondo na kutu inaifumua zege kutoka ndani. Kosa hilo hutokana na mchanga mbaya au zege nyembamba juu ya nondo, na aliyelifanya mara moja atalifanya tena. Panda ngazi, usitumie lifti. Hesabu matangi juu ya paa na uulize bawabu malori ya maji huja mara ngapi kwa wiki. Maji ya Mzima Springs yanaletwa kwa bomba tangu 1957, lakini mji umeongezeka na bomba halikuongezeka nao, na visima vya kisiwani vingi ni vya maji ya chumvi. Jengo linalonunua maji kwa lori ni jengo lenye ada ya huduma itakayopanda.

Anayeuziwa nyumba kwenye ramani, kabla haijajengwa, aongeze tahadhari. Dipoziti ya kawaida ni asilimia 10. Ukiombwa asilimia 40 ndipo uanze kuonekana mtu wa maana, wewe ndiye benki ya ujenzi huo, tena benki isiyo na dhamana. Ulizia hati itakayotoka. Sheria ya Mali za Sehemu ya 2020 inampa kila mwenye fleti hati yake kamili na sauti katika shirika la kusimamia jengo. Familia inayosema "hati kubwa tutakaa nayo sisi, wewe tutakupa mkataba" inataka kuuza na kumiliki kwa wakati mmoja.

Nyumba za serikali na kaunti nazipitia haraka, kwa sababu huchagui sana, unangojea zamu. Mfano ulio mbele ya macho ni Buxton: nyumba 520 za zama za ukoloni zilibomolewa, mahali pake zikapangwa zaidi ya 1,800 katika mradi uliotangazwa kuwa wa shilingi bilioni 6, kwa ushirikiano wa kaunti na Gulf Cap, kampuni inayoongozwa na mfanyabiashara na mwanasiasa wa Mombasa Suleiman Shahbal. Kulikuwa na kelele nyingi za wapangaji wa zamani, na kesi. Bei zake kwa nyumba ya aina moja ziko chini ya zile za Kizingo, na kwa mfanyakazi anayekatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba nafuu tangu Machi 2024, ni haki yake kuziulizia popote zinapojengwa. Tofauti utakayoihisi ni ukubwa wa vyumba na idadi ya majirani.

Imebaki habari ya wapangaji wa kawaida, ambao ndio wengi kuliko wote. Watu wanadhani kuna baraza la kodi litakalowatetea. Lipo, kwa Sheria ya Kudhibiti Kodi, lakini linashughulikia nyumba ambayo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango kilichowekwa zamani na hakijaguswa. Chumba cha 4,500 cha Majengo, choo uani na mabati yanayovuja, kiko nje ya mlango wa baraza hilo. Kinachokulinda ni karatasi mliyotia sahihi nyinyi wawili, wewe na mwenye nyumba. Iandike kodi, tarehe ya kulipa, nani anatengeneza nini, notisi ya miezi miwili kwa kila upande, na kwamba kodi haitaongezwa kabla ya mwaka kwisha. Dipoziti iandikwe kuwa itarudishwa ndani ya siku thelathini, na picha za kuta na mabomba zipigwe siku ya kuingia, mwenye nyumba akiwapo. Mpelekee karani mkataba huo kabla ya kubeba godoro. Akisema mzee wake hatii sahihi karatasi za wapangaji, muulize atamtilia nani sahihi siku akija mnunuzi wa kiwanja.